Safari ya kimasomo milima ya Pare, siku 3: wapi wanafunzi waone tofauti ya mvua, ndiva na maeneo ya mila?

Mwalimu_Jiografia aliuliza:

Habari wakuu. Nafundisha jiografia kidato cha tano, shule yetu iko Korogwe. Tunataka kuwapeleka wanafunzi 38 milima ya Pare kwa siku tatu (kulala usiku mbili), pamoja na mwalimu mwenzangu wa historia. Tutakuwa na Coaster mbili.

Tunataka waone mambo matatu kwa macho, si kwa ramani ya darasani. Kwanza, kwa nini upande mmoja wa mlima una mvua na mwingine mkavu. Pili, ndiva, yaani bwawa dogo la asili ya Upare la kuhifadhi maji ya kumwagilia: inavyojengwa, inavyogawa maji, na kwa nini nyingine zimekufa. Tatu, urithi wa Wapare wa kale, hasa ufuaji chuma na misitu ya mila. Nimesikia pia kuna mapango yenye mafuvu. Je, ni sahihi kupeleka wanafunzi huko?

Miezi tunayoweza ni Septemba mwishoni au Novemba. Mpango wetu wa awali ni kufika Same siku ya kwanza, siku ya pili asubuhi Usangi na mchana Mbaga, siku ya tatu Mkomazi kisha kurudi. Naomba mnikosoe.

---

Shengena2463 alijibu:

Mwalimu, kosa la mpango wako liko siku ya pili. Usangi iko Pare Kaskazini, wilaya ya Mwanga. Mbaga iko Pare Kusini, wilaya ya Same. Ni matita mawili ya milima yenye uwanda mkavu katikati, na kila moja lina barabara yake ya kupandia. Kupanda Usangi kupitia Mwanga na Kikweni, kushuka, kurudi Same, kisha kupanda Mbaga ni kuwalaza watoto ndani ya gari siku nzima. Chagua tita moja ulijue vizuri. Kwa maswali yako mawili ya kwanza, Pare Kusini inatosha kabisa, nayo iko njiani kwenu.

Mkiwa mnatoka Korogwe mna bahati ambayo shule za Moshi hazina: mnaweza kuizunguka Pare Kusini yote. Mkifika Mkomazi (mji mdogo wa barabarani, si hifadhi) msiendelee na lami ya kwenda Hedaru. Kateni kulia, mfuate barabara ya upande wa mashariki: Kihurio, Ndungu, Maore na Gonja, Kisiwani, kisha Same. Ni kama kilomita 100. Kurudi, shukeni na barabara kuu ya upande wa magharibi: Same, Makanya, Hedaru, Mkomazi. Somo la kivuli cha mvua litakuwa dirishani muda wote, mradi wanafunzi wawe na ramani na waandike wanachokiona kila baada ya kilomita kumi.

Watakachoandika ni hiki. Mashariki kuna mpunga Ndungu na Kihurio, migomba na miembe karibu na vijito vinavyoshuka, na juu yao mteremko wa kijani wenye mawingu yaliyokaa. Upepo wa kusi unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unakutana na ukuta huu, unalazimika kupanda, unapoa, unaangusha mvua. Ukishavuka kilele unashuka ukiwa mkavu na unazidi kupata joto. Ndiyo maana magharibi, Makanya na Hedaru, wataona mibuyu, migunga, mkonge, na mito ambayo ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Bonde la chini huko hupata mvua ya karibu milimita 500 kwa mwaka, na mwaka mbaya haifiki hapo. Juu mlimani, mwendo wa saa chache kwa miguu, inapita 1,000.

Jambo moja la kusisitiza darasani kabla hamjaondoka, kwa sababu wanafunzi wengi hulichanganya: Pare si volkano. Kilimanjaro iko karibu, basi wanadhani vyote ni kitu kimoja. Miamba ya Pare ni ya kale sana, zaidi ya miaka milioni 500, aina ya naisi, na imeinuliwa na mipasuko ya ardhi. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia vilima vya Taita, Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru hadi Udzungwa. Misitu yake imekaa muda mrefu sana ikipata unyevu wa bahari huku nyanda za katikati zikikauka, kwa hiyo kila mlima una viumbe vyake. Msitu wa Chome, unaozunguka kilele cha Shengena (mita 2,463), una ndege mdogo wa jamii ya kinengenenge anayepatikana hapo tu duniani. Wenye vitabu vya ndege watamkuta kwa jina la Zosterops winifredae.

Kuhusu mwezi: chukueni Septemba. Novemba ni vuli. Barabara za mlimani ni udongo mwekundu, ikinyesha Coaster haipandi, na hatari kubwa zaidi ni mteremko wenyewe. Novemba 2009 maporomoko ya udongo kijiji cha Goha, Mamba Miamba, yaliua watu zaidi ya 20. Mwezi huo usilaze wanafunzi chini ya mteremko mkali uliolimwa.

---

Mfongo_wa_Juu alijibu:

Naunga mkono Septemba, na kwa ndiva kuna sababu ya ziada. Mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za vuli, ndipo ndiva nyingi zinafyekwa na kuzolewa tope. Mkipanga na kijiji mnaweza kukuta msaragambo unaendelea, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya yenye haki ya maji lazima itoe mtu. Siku hiyo ndiva huwa imemwagwa, kwa hiyo mnauona mfumo mzima ukiwa wazi: sakafu, ukuta, tundu la kutolea maji. Ndiva iliyojaa ni bwawa la kijani tu, haionyeshi kitu.

Upande wa kwenda ni mteremko wa magharibi, ukanda wa Mwembe, Bangalala na Vudee juu ya Makanya. Upande wa mashariki maji ni mengi, mfereji peke yake unatosha. Ndiva ni teknolojia ya mahali ambapo kijito kipo lakini ni chembamba.

Waeleze wanafunzi tatizo lenyewe kwanza, kisha ndiva itajieleza. Tuseme kijito kinatoa lita 2 kwa sekunde. Ukiyaacha maji hayo yatiririke kwenye mfongo (mfereji) wa udongo wa kilomita moja au mbili, yanazama ardhini njiani na shamba la mwisho halioni kitu. Lakini ukiyazuia jioni hadi asubuhi, saa 12, unapata lita 86,400, yaani mita za ujazo 86.4. Asubuhi unafungua tundu yatoke kwa lita 20 kwa sekunde. Sasa ni mkondo wenye nguvu: unafika haraka, muda wa kuzama ni mfupi, na mtu mwenye jembe anaweza kuuelekeza kwenye majaruba. Kwa kuwa kijito kinaendelea kuingiza lita 2 wakati unatoa 20, ndiva itachukua kama dakika 80 kwisha. Wape wanafunzi hesabu hiyo waifanye wenyewe. Kisha waulize maji hayo yanatosha eneo gani ukitaka kina cha milimita 25: jibu ni mita za mraba 3,456, chini kidogo ya ekari moja, na hapo hatujatoa yaliyopotea njiani. Watakapoliona hilo wataelewa kwa nini zamu ya maji inalindwa kiasi kile.

Sehemu zake ni hizi. Juu kuna banio kwenye kijito, la mawe, vigogo na majani ya migomba. Kazi yake ni kuelekeza maji, si kuyazuia yote, na mafuriko yakija linasombwa kisha linajengwa tena kwa siku moja. Wageni hulidharau kwa sababu linaonekana duni, lakini kusombwa kwake ndiko kunakouokoa mfongo: banio gumu la zege lisilo na lango la kufunga huingiza mafuriko yote mferejini na kuukata. Halafu mfongo wenyewe, unaofuata ubavu wa mlima kwa mwinamo mdogo sana. Ukiinama mno maji yanakula sakafu, ukilala mno tope linatua. Wazee walipima kwa kuyafuata maji yenyewe wakichimba: yakisimama unachimba zaidi, yakikimbia unahama juu kidogo.

Kisha ndiva. Huwekwa penye bonde dogo au kitako cha asili ili ukuta uhitajike upande mmoja au miwili tu. Ukuta ni mawe nje na udongo wa mfinyanzi ndani, ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka ukiwa na unyevu. Tundu la kutolea liko chini kabisa ya ukuta, zamani lilizibwa kwa kigogo kilichozungushiwa majani na udongo, siku hizi kwa bomba na koki au lango la chuma. Na lazima kuwe na mchirizi wa juu wa kutolea maji ya ziada, pembeni mwa ukuta, kwenye ardhi isiyochimbwa. Ndiva isiyo na mchirizi huo hupasuka usiku wa mvua ya kwanza kubwa, maji yakipita juu ya ukuta na kuukata kutoka nje.

Sasa swali lako la kwa nini nyingine zimekufa.

Tope ndilo la kwanza. Kulima hadi ukingoni mwa kijito na kunywesha ng'ombe ndani ya mfongo huleta mchanga, kina kinapungua, na kila sentimita ya tope ni maji yaliyopotea. Dawa ni shimo dogo la kutulizia tope kabla maji hayajaingia ndivani. Ni rahisi kuzoa mita mbili za ujazo kila mwezi kuliko kuzoa bwawa zima kila mwaka.

La pili ni kuachwa wazi. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hupasuka. Ndiva ikikaa tupu kiangazi chote, maji ya kwanza yanapita kwenye nyufa, yanazipanua, ukuta unaanza kuvuja. Kaa na fuko wanaotoboa ukuta wanaleta matokeo hayohayo. Watu wengi walidhani saruji ingemaliza tatizo. Saruji nyembamba iliyopakwa juu ya udongo usioshindiliwa hupasuka ardhi inapotulia, na ufa wa saruji hauzibiki kwa mguu na tope kama wa udongo. Saruji inafaa ikiwekwa juu ya ukuta wa mawe uliojengwa sawasawa, vinginevyo ni hela iliyofukiwa.

La tatu ni chanzo chenyewe: mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi, inayokunywa maji hayohayo yanayotafutwa.

La nne ni utawala, nalo ndilo linaloua nyingi zaidi. Ndiva ilikuwa mali ya ukoo fulani ulioijenga, na wengine waliomba zamu kwao. Baadaye kamati za vijiji zikachukua, kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, yenye vibali vya kutumia maji na jumuiya za watumia maji chini ya bodi ya maji ya Bonde la Pangani. Mahali ambapo wazee wa ukoo, kamati na jumuiya wameelewana, ndiva inafanya kazi. Mahali ambapo hawajui nani mwenye neno la mwisho, hakuna anayeita msaragambo, na misimu miwili bila kuzoa inatosha kuizika. Kuna pia ugomvi wa juu na chini: wa Vudee wakichukua zaidi kiangazi, wa Bangalala wanakosa, na Makanya bondeni hawategemei kijito tena, wanategemea mafuriko yanayoshuka mara chache kwa msimu na kuyaelekeza mashambani kwa matuta.

Na tafadhali msiwaambie wanafunzi kwamba ndiva ni za Pare Kusini tu. Usangi na Ugweno zipo pia.

---

Mwana_Ugweno alijibu:

Nijibu la tatu, la mila. Hapa mwalimu wa historia asome kwa makini.

Ukitaka chuma, kwa haki kabisa ungeenda Pare Kaskazini. Ugweno ndiko kitovu cha simulizi za wahunzi. Kwa mujibu wa simulizi zilizokusanywa na mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, ukoo wa Washana ndio ulioshika utawala wa Ugweno kwa nguvu ya uhunzi, hadi Wasuya walipoupindua, na mageuzi makubwa ya utawala yanahusishwa na Mranga, mwana wa Angovi. Washana hawakufukuzwa, walibaki wahunzi, kwa sababu hakuna mfumwa (mtawala) aliyeweza kukaa bila majembe na mikuki. Chuma cha Upare kilikwenda hadi Uchagani, ambako mafundi walifua lakini malighafi ilitoka huku. Wanafunzi wakilielewa hilo wataacha kufikiri kwamba biashara ilianza na misafara ya pwani. Misafara nayo ilipita, bila shaka: ile barabara ya mashariki aliyowaelekeza Shengena2463, Gonja na Kisiwani, ni njia ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani.

Malighafi yenyewe haikuchimbwa mgodini. Ilikuwa mchanga mweusi wa sumaku uliosombwa na vijito kutoka kwenye miamba. Baada ya mvua ulikusanyika penye kona za kijito, ukaoshwa kwenye chombo kipana hadi mchanga mweupe mwepesi uondoke na mweusi mzito ubaki. Kisha uliyeyushwa kwa mkaa, hewa ikisukumwa na mivukuto ya ngozi kupitia mabomba ya udongo. Zoezi la bei nafuu kabisa: mnunulie kila kundi sumaku ya spika kuukuu, waifunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuipitisha kwenye mchanga mkavu wa kijito. Mfuko utajaa vipande vyeusi. Wakiugeuza mfuko na kutoa sumaku, mchanga unaanguka wote. Bila mfuko hutaisafisha sumaku hiyo tena. Hili mnaweza kulifanya hata Pare Kusini, kijito chochote penye mchanga wenye mistari myeusi.

Mahali palipoyeyushwa chuma hutambulika kwa mavi ya chuma: mabonge meusi, mazito, mengine yana mikunjo pale yalipotiririka, mengine yana matundu. Pembeni huwa na vipande vya mabomba ya udongo, ncha moja imegeuka kioo kwa moto. Waonyesheni, wachore, wapime, waache palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila leseni, na bonge likishaondolewa mahali pake halina tena cha kumwambia mtafiti.

Misitu ya mila ina aina zake, na msiwaite wenyeji "misitu ya mizimu" kwa jumla. Mshitu ulikuwa wa jando, mahali vijana walipofundwa. Mpungi ni wa ukoo, mahali pa kutambikia. Yote ni vipande vidogo, mara nyingi pungufu ya hekta chache, juu ya kilima au penye chanzo cha maji, na miti mikubwa ya asili imebaki humo huku pembeni pote pamelimwa. Mipaka huonyeshwa kwa isale, mmea wa mila. Kijiografia ni dhahabu: wanafunzi wanaweza kulinganisha udongo na unyevu ndani na nje ya mshitu kwa hatua ishirini tu. Lakini mengine hayaingiwi na wanawake, mengine hayaingiwi na asiye wa ukoo, mengine yamefunguliwa kabisa. Hamwezi kujua kwa kuangalia.

Mafuvu: ndiyo, yapo Pare Kaskazini, na desturi hiyo wanayo pia ndugu zetu wa Taita ng'ambo ya mpaka. Baada ya maziko na muda kupita, fuvu la mzee lilitolewa kwa heshima na kuwekwa pamoja na ya waliomtangulia, penye kivuli cha mwamba au ndani ya mpungi, na hapo ndipo ukoo ulipozungumza na wazee wake. Si jumba la makumbusho, ni makaburi. Ushauri wangu: kundi la watu 40 lisiende. Mfundishe darasani, na akipatikana mzee wa ukoo aje azungumze nao, mkae chini ya mti mmsikilize. Mkiruhusiwa kufika karibu, iwe wachache, bila simu, bila kugusa. Kuna watu wamewahi kuchukua mafuvu hayo na kuondoka nayo, na majeraha hayo hayajapona kwenye koo.

Utaratibu wa ruhusa: barua ya shule kwa mtendaji wa kijiji angalau wiki tatu kabla, ikitaja idadi ya wanafunzi, tarehe na mnachotaka kuona. Mtendaji peke yake hatoi ruhusa ya mpungi, yeye atawaunganisha na wazee wa ukoo. Muulizeni mzee anachohitaji kwa desturi, msipeleke bahasha mkidhani imetosha. Na wanafunzi wafundishwe kusalimia kabla ya kuuliza.

---

Kande_la_Same alijibu:

Nyongeza fupi mbili.

Mmekaa Same usiku, basi mwalimu wa historia asiache Mbiru, yaani upinzani wa Wapare dhidi ya kodi ya kikoloni. Serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya kukadiria mali ya kila mtu mwanzoni mwa miaka ya 1940, na kuipa jina la ushuru wa zamani wa wafumwa, Wapare waliikataa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu walishuka kutoka milimani na kukaa Same, makao makuu ya wilaya, wakidai kodi ile iondolewe. Hawakukataa kulipa kodi, walikataa kukadiriwa. Huko Usangi wanawake nao waliandamana. Ilichukua hadi 1947 mambo kutulia, na kodi ya kukadiria ikaachwa. Simameni mjini Same, mwalimu awaonyeshe milima pande zote mbili na kuwaambia watu walitembea kutoka kule. Inaeleweka kwa namna ambayo ubaoni haieleweki.

La pili ni lugha. Pare si lugha moja. Chasu kinasemwa Pare Kusini na Usangi. Kigweno ni lugha nyingine, iko karibu na lugha za Kichaga. Wakiwa na mwanafunzi anayesema Chasu, asishangae akifika Ugweno na kukwama.

Chakula: agizeni makande siku moja kabla. Mahindi yaliyokobolewa na maharage huchemka saa nyingi, mkifika na watu 40 bila taarifa mtakula chipsi.

---

Mwalimu_Jiografia aliandika:

Nawashukuru sana wote. Nimebadili mpango: siku ya kwanza njia ya mashariki hadi Same, siku ya pili ndiva upande wa Mwembe na Bangalala, siku ya tatu kurudi kwa njia ya magharibi. Usangi tutaiacha kwa mwaka mwingine na kundi dogo. Mafuvu tumeyaondoa.

Maswali mawili yamebaki. Wanafunzi wapime nini pale ndivani na kwa vifaa gani? Na je, siku ya pili inafaa kuongeza kilele cha Shengena?

---

Mfongo_wa_Juu alijibu:

Wagawe makundi manne ya watu tisa au kumi, wapishane. Wakisimama 38 juu ya ukuta wa ndiva wataubomoa ukingo, na mwenye ndiva hatawaalika tena.

Kundi la kwanza lipime maji yanayoingia. Kama ni machache, wayapitishe yote kwenye ndoo ya lita 20 na kuhesabu sekunde: ikijaa kwa sekunde 10 ni lita 2 kwa sekunde. Warudie mara tatu, wachukue wastani. Kundi la pili lipime maji yanayotoka kwenye mfongo. Watafute sehemu iliyonyooka ya mita 10, wapime upana na kina mahali patatu, waachie kipande cha gunzi la mahindi kielee. Tuseme upana ni sentimita 40, kina 15, na gunzi limetumia sekunde 25. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde, eneo ni mita za mraba 0.06, kwa hiyo mita za ujazo 0.024. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini na ya pembeni, kwa hiyo zidisha kwa 0.7: wanapata kama lita 17 kwa sekunde. Gunzi ni bora kuliko jani, jani husukumwa na upepo.

Kundi la tatu lirudie kipimo hicho mita 500 mbele kwenye mfongo uleule. Tofauti ndiyo maji yaliyozama au kuibwa njiani. Hicho ndicho kipimo kitakachowashangaza zaidi. Hakikisheni tu hakuna aliyefungua njia ya shambani katikati, vinginevyo mnapima umwagiliaji, si upotevu. Kundi la nne liwahoji wenye zamu: nani anafungua, saa ngapi, asiyefika msaragambo anatozwa nini, na mwisho wa mfongo anapata maji siku gani. Maswali hayo wayaandike kabla.

Ili kuona ndiva ikifunguliwa ni lazima mfike alfajiri. Mkiwasili saa nne, maji yameshaondoka.

---

Shengena2463 alijibu:

Shengena siku ya pili, hapana. Kupanda na kushuka kunakula siku nzima, mnahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kwa sababu Chome ni hifadhi ya mazingira asilia, na mwongoza njia wa hapo hapo, maana njia zinagawanyika na ukungu hufunga mchana. Pia msitu wa juu ni baridi na maji, viatu vya shule vitateleza.

Badala yake chukueni vipimajoto viwili vya darasani. Kimoja kibaki Same mjini, takriban mita 870 juu ya usawa wa bahari, kingine kipande nanyi hadi mtakapofika juu, Vudee au popote gari litakapoishia. Wasome saa moja ileile, tuseme saa sita kamili mchana. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kwenye mita 1,500 watarajie tofauti ya nyuzi nne hivi. Mwinuko wasome kwenye simu yenye GPS, wakisubiri dakika mbili namba itulie. Vyote viwili viwe kivulini, mita moja na nusu kutoka ardhini, mbali na ukuta na bati la gari, kwa dakika kumi kabla ya kusoma. Kipimajoto kilichokuwa mfukoni mwa mwanafunzi kitawapa joto la mwanafunzi.

Siku ya tatu mkishuka, simameni Makanya kwenye daraja la mto mkavu. Wachukue mchanga kwenye mkono waulinganishe na udongo mwekundu waliouona juu jana yake, na wapitishe ile sumaku hapo.